Maji Yaliyopita Msibani

Anaeli, mjukuu wangu, mume wangu,

Wanaojua kuandika barua huanza kwa kuuliza afya. Yako naijua. Nimekusikia asubuhi ukipiga chafya bandani ukikata majani ya ng'ombe, na mchana nimekuona umeacha nusu ya loshoro, mahindi na maziwa mgando uyapendayo, bakulini, wewe ambaye hulamba mpaka mwiko. Huumwi. Unaogopa. Mimi pia naogopa, kwa hiyo tusidanganyane.

Umeshuka Tengeru kuwaaga wenzako, kesho ni safari ya Dar. Nimekaa mlangoni kwa jiko nikiuwahi mwanga, maana jicho la kulia limeshafumba, na la kushoto linanionyesha watu kama wamesimama ndani ya moshi. Shule sikuikanyaga, unajua. Nilikwenda kisomo cha watu wazima mpaka nikaweza kuandika jina langu na kufuata nyimbo kanisani, halafu babu yako akasema inatosha. Mengine ulinifundisha wewe. Ukikuta herufi imekaa vibaya, nyamaza. Ukicheka nitajua, hata ukiwa Dar.

Sitakuambia uvae nini wala ule nini. Aliyelelewa na mimi na bado hajui kufua soksi zake, huyo barua haitamsaidia.

Nataka kukuambia habari ya ile kompyuta, na habari ya mama yako. Mimi nilidhani ni habari mbili. Kiangazi kilichopita ndipo niligundua ni moja.

Unakumbuka ulivyokuwa baada ya matokeo ya kidato cha nne. Ulilala mpaka jua linapiga mgongo wa nyumba. Nikakutoa kitandani kwa maji, nikakupeleka Njiro ukafyeke nyasi kwa yule kaka anayefanya kazi za kompyuta nyumbani kwake. Mimi nilitaka ulete sabuni na chumvi. Wewe ukaleta kompyuta iliyopasuka kioo pembeni, aliyokupa kwa sababu alikukuta kila mara umeegemea fyekeo lako unachungulia dirishani.

"Bibi, najifunza lugha," ukasema.

"Lugha ninazo. Kimeru cha mama yangu, Kiswahili cha sokoni, na Kimaasai kidogo cha kugombania bei ya mbuzi. Wewe unaongeza ipi?"

"Ya kuongea na mashine. Ni nyepesi, hata watoto wadogo wanaanza nayo. Jina lake ni kama la chatu."

"Nyumba hii nyoka haingii," nikakuambia, na wewe ukacheka mpaka kuku wakakimbia. Nilikuwa sijakusikia ukicheka tangu matokeo yatoke. Nikasema basi, chatu na aingie.

Ukaniketisha kwenye kigoda, ukaweka ile kompyuta juu ya ndoo. Ukaandika mstari mmoja. Ukabonyeza. Yakatoka maandishi mekundu, mengi, kama mtu anayefoka. Ukakuna kichwa. Kumbe ulisahau ile alama ya kuonyesha kwamba maneno yameishia hapo.

"Mashine gani hii," nikasema, "haiwezi kuona kwamba umemaliza kusema?"

"Haioni, Bibi. Haijui kitu chochote. Mpaka uiambie."

Ukaweka alama yako. Pakatokea kwenye kioo: Shikamoo Bibi. Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikaitikia marahaba. Nikaitikia kwa sauti. Nawe hukunicheka, ukainama ukajifanya unafunga kamba ya kiatu. Nilikupenda sana wakati ule, sikusema.

Tazama nilivyoandika hapo. Sikusema. Ndiyo barua yenyewe, lakini subiri.

Baada ya hapo ukawa unarudi Njiro na kitu kipya, unanieleza wakati namenya ndizi. Ukanifundisha "kama" na "la sivyo". Kama mvua imenyesha, usimwagilie. La sivyo, mwagilia. Na kile kinachotakiwa kufanywa unakisogeza ndani kidogo, kiwe chini ya "kama" yake, ndipo mashine inajua ni cha nyumba ile. Nikaona hii akili si mbaya. Nikakuambia mfereji wetu ndivyo unavyokwenda: kama fulani amemaliza, fulani afungue. Laiti ningenyamaza. Usiku huohuo ulikwisha kuanza kuandika.

Mfereji huu walichimba wazee wa babu yako, kutoka mtoni kule juu, ukapita shamba kwa shamba. Kila nyumba ina zamu. Ukifika wakati wako unatoa yale majani ya mgomba na udongo yaliyoziba, maji yanaingia kwako. Ukimaliza unaziba, anafungua wa chini. Mzee Eliakimu, mwenyekiti wa mfereji, alikuwa anapita na fimbo yake nyumba kwa nyumba kuwaambia watu zamu zao, na goti lake lile bovu. Wewe ukampelekea programu yako. Kompyuta ipange zamu, itume meseji kwa kila nyumba, yeye akae apumzike.

"Na ikikosea?" akakuuliza.

"Haikosei, Mzee. Inafanya ulichoiambia tu."

Ulisema kweli. Ndiyo maana iliuma.

Ilikwenda vizuri, sitakunyima hiyo. Watu walipata meseji zao, ugomvi ukapungua, nami nikawa natembea kanisani shingo juu. Mama Manka, jirani yetu wa chini, akawa ananitania barabarani: "Mkwe wangu hajambo? Mwambie hiyo mashine initafutie na bwana wa pili, huyu wangu anakoroma." Huyo bwana aliyekuwa anakoroma ndiye aliyetufia.

Hapa ungependa niruke. Siruki.

Siku ya maziko ya Baba Manka tulikuwa wote pale kwao, chini ya turubai, kaburi limechimbwa migombani, na mfereji unapita hatua chache chini yake. Mkavu. Mchungaji akafumba macho kuomba. Kimya kile. Halafu nikasikia maji. Kwanza nilidhani ni masikio yangu ya uzee. Yakaja, yakapita pale chini ya jeneza, yanabubujika na majani makavu mbele, kama kuna sherehe mahali. Watu wakafumbua macho. Mama Manka akageuka akayatazama maji, kisha akatazama sanduku la mumewe.

Mchungaji alipomaliza, Mzee Eliakimu akasimama. Hakupaza sauti. "Nani amefungua maji leo?"

Baba Joni, yule mgeni aliyejenga nyumba ya ukuta kule juu, alikuwa ndiyo kwanza anaingia na viatu vyake vinavyong'aa. "Ni mimi, Mzee. Zamu yangu. Nimetumiwa meseji, nikafungua kule juu." Akaitoa simu aonyeshe, masikini, hata hakujua amefanya nini.

Na watu wote, mume wangu, wakageuka kukutazama wewe.

Siku ya maziko hakuna anayeshika jembe hapa kwetu. Mfereji unafungwa kule juu kabisa, na zamu zinasimama palepale zilipo, mpaka wafiwa wamalize. Nyumba yenye msiba haipotezi maji yake, inasubiriwa. Ndivyo ilivyokuwa kabla sijazaliwa. Mashine yako haikuambiwa, ikaendelea kuhesabu. Iliruka zamu ya Mama Manka akiwa amekaa kwenye mkeka wa msiba, simu yake imezimwa. Maharage yake yalikuwa kwenye maua. Yote yakakauka. Yule mama alizika mume na msimu pamoja.

Jioni ile ulikaa hapa nilipokaa sasa. Hukulia. Ningefurahi ungelia. Ukaniuliza, "Bibi, ulikuwa unajua? Habari ya kufunga mfereji?"

"Nilijua."

"Si ulikaa nami wakati naandika. Nilikusomea mstari kwa mstari. Mbona hukusema?"

Nami nikakujibu kwa hasira, kwa sababu nilikuwa na aibu: "Nani asiyejua?"

Ukasema polepole, "Mashine haijui, Bibi. Na mimi sijawahi kuwa mkubwa siku ya msiba. Sikujua."

Asubuhi nilikata jani la sale mpakani, nikalifunga fundo, kama wafanyavyo Wachaga na sisi pia tunapokwenda kuomba radhi, tukashuka wote wawili kwa Mama Manka. Alilipokea. Akaligeuza mkononi muda mrefu, mimi nimepiga goti na magoti yangu haya. Kisha akasema, "Mtoto hakukosa. Mashine yake haijawahi kufiwa." Akatupa chai. Ilikuwa haina sukari, na hakuna aliyeuliza.

Ulidhani niliacha kulala siku zile kwa ajili ya maharage. Haikuwa maharage. Lilikuwa ni lile neno langu, nani asiyejua. Nilikuwa nimelisema zamani, kwa mtu mwingine.

Sasa habari ya mama yako.

Unajua mwanangu Elifuraha alifia mjini, Levolosi, kifua kikimsumbua. Nimekuambia siku zote kwamba alipenda mjini, kwamba shamba lilimshinda. Nilikudanganya. Mama yako alipenda shamba kuliko mimi. Migomba ile ya nyuma ya banda alipanda yeye.

Alipopata mimba yako, yule mwanaume akamkana. Mimi nilikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe. Nilisimama uwanjani hapa nyumbani, wenzangu wa kanisa wapo, nikamwambia, "Nenda ukale huko ulikolala." Nilikuwa nataka wanisikie wao. Aliyesikia ni yeye. Akachukua mfuko mmoja, akashuka njia ile utakayoshuka kesho.

Hasira yangu haikufika jioni. Naapa. Kesho yake nilifagia chumba chake, nikatandika shuka safi. Kila jioni nilitenga maziwa yake kwenye kibuyu chake, yakawa mtindi, nikawapa mbwa, nikatenga mengine. Mlango wa mbele sikuutia komeo tena, babu yako akanigombeza kwamba nawaita wezi. Mtu yeyote angeingia nyumba hii angeona kwamba mama huyu anamsubiri mwanawe. Ila yeye hakuwa ndani ya nyumba hii aone. Alikuwa Levolosi.

Nami nilikuwa nakwenda huko! Nilipeleka ndizi soko la Kilombero palepale mjini, na soko lenyewe na kile chumba alichopanga si mbali. Nikavuta kitambaa usoni nikapita ule mtaa. Nilimwona akikaanga maandazi, wewe mgongoni, kichwa chako kimelala upande. Nikapita. Nilijiambia, yeye ndiye mtoto, yeye ndiye atakuja. Mtoto hurudi kwao, nani asiyejua? Nikapita mara nyingi, Anaeli. Mpaka siku moja nikapita na jiko halikuwepo nje. Nikasema labda amechoka. Nikaenda kuuza ndizi zangu.

Aliyekuleta hapa ni Mama Zainabu, jirani aliyepanga chumba kando ya chake. Alikuja na wewe mkono mmoja na mfuko mkono wa pili, ule mfuko uleule. Nilimlilia yule mama mpaka akanishika. Akasema, "Alikuwa akiniambia kila Jumapili, mama yangu akitamka neno moja tu, narudi."

Nikasema, "Lakini mlango ulikuwa wazi! Haukuwahi kufungwa!"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile bado ninayo, iko hapa kifuani kama mwiba wa samaki. Akaniuliza, "Nani alimwambia?"

Basi jioni ile ya maziko, uliponiuliza "mbona hukusema", sikukusikia wewe. Nilimsikia Mama Zainabu. Miaka yote hii nimekaa nikidhani kosa langu lilikuwa lile neno baya la uwanjani. Neno baya watu husamehe. Mama yako angelisamehe kabla hajafika barabarani. Kilichomuua ni lile neno zuri nililokaa nalo mdomoni, nikidhani limeshafika.

Sijui kama utanichukia. Una haki. Nilitaka nikusubiri uniulize, halafu nikaona hapo ndipo naanza tena tabia yangu.

Baada ya yale ya mfereji ulitaka kuirudisha kompyuta Njiro. Uliniambia, "Bibi, kazi hii inataka watu wenye akili." Nikakupiga na mwiko, na ulistahili. Kilichokusimamisha siyo mwiko. Ulitoka ukaanza kuuliza. Nilikuona umekaa na wale vikongwe, unawauliza, "Na nini kingine mnakijua ambacho hamkisemi?" Wao wakakucheka: kijana huyu, sisi tutakumbukaje tusichokisema? Ukakaa. Ukanywa maziwa yao yaliyochacha. Kidogo kidogo wakaanza kutoa. Kama kuna mzazi mpya nyumbani, jirani humfungulia. Kama ni siku ya kusafisha mfereji na mtu hakutuma mkono wa kusaidia kazi, zamu yake hurudi nyuma. Ukaandika zote. Na juu kabisa, kabla ya yote, ukaweka: kama kuna msiba, mfereji ufungwe, zamu ibaki palepale. Ulinisomea ule mstari ukanitazama, nami nikatikisa kichwa, siyo kwa sababu ulikosea. Ulikuwa sawa kabisa. Ulikuwa umechelewa tu.

Ukampelekea Mzee Eliakimu. Akasikiliza mpaka mwisho. "Vizuri, mwanangu," akasema, akachukua fimbo yake, akaenda kuwaambia watu zamu zao kwa mguu. Hajaitumia mpaka leo. Hataitumia. Iko humo ndani ya kompyuta yako, imekamilika, hakuna anayeihitaji. Yule kaka wa Njiro ndiye aliyeiona akasema kijana huyu aende Dar akafundishwe sawasawa, kisha apate kazi. Kwa hiyo kilichokupeleka huko ni aibu yako, ulivyoigeuza. Usiwaonee haya ukiwasimulia.

Nami sitakupambia maneno. Maji ya mfereji mwaka huu yamekuja membamba kuliko mwaka jana. Juu wanajenga, kila mtu na bomba lake. Inaweza kuwa siku utakayojua kila kitu, hapa hapatakuwa na maji ya kugawana. Jicho la kushoto nalo linajiandaa. Huenda ukarudi nikakushika uso kwa mikono ili nijue ni wewe. Huenda usinikute.

Huko watakupa kazi za watu usiowajua. Wataogopesha, watakuwa na vyeti. Kila mmoja atakuwa na jambo analolijua mno hata halisemi, na wewe ndiye mwenye kuliuliza. Uliza hata wakikuona mjinga. Mimi niliogopa kuonekana mjinga mtaa mzima wa Levolosi.

Na maandishi mekundu yakitoka, kumbuka hayakutukani. Yanakuambia kuna kitu hujasema.

Jua linaingia nyuma ya Meru, naandika kwa kupapasa. Nasikia mbwa wanabweka njiani, labda ni wewe unarudi. Barua hii nitaiweka ndani ya mkoba wa kompyuta, usiisome hapa mbele yangu, sitaweza kuvumilia.

Mama yako nilimwachia akisie. Wewe sitaki ukisie. Nimejaribu kuandika kama ulivyonifundisha, na ya ndani nimeyasogeza ndani, uone ni ya nyumba hii.

Kama umefaulu:
   rudi nyumbani
La sivyo:
   rudi nyumbani
Kama umefanya kosa, hata lile ambalo watu wote wanakugeukia kukutazama:
   rudi nyumbani
Kama Bibi hayupo:
   ufunguo uko kwa Mama Manka, nimeshamwambia kwa mdomo wangu
   usibishe hodi
   ingia

Bibi yako